Mwalimu Aliyekataa Kuandika Nafasi

Mwalimu wetu wa takwimu alikuwa na ugonjwa mmoja: ukimuuliza "ngapi?" yeye anakuuliza "za namna gani?" Ukienda naye dukani utakoma. Muuza duka anasema sabuni zimebaki chache, yeye anataka kujua ni chache za kuhesabu au chache za kupima, maana sabuni ya mche siku zile ilikatwa kwa waya, kipande kwa kipande. Muuza duka ananitazama mimi, mimi natazama barabara. Jamani, mwalimu yule!

Jina lake nitaliacha. Bariadi tunajuana, na aliyemjua atamjua hata nikimtaja kwa kikohozi chake. Sisi tulimwita Mwalimu, basi. Walimu wengine walikuwa Mwalimu fulani wa Jiografia, Mwalimu fulani wa zamu. Huyu alikuwa Mwalimu peke yake, kama hakuna mwingine.

Nilimjua kwenye tuisheni. Nilikuwa nimefeli hesabu kidato cha nne, tena siyo kufeli kwa kuteleza, kufeli kwa kuanguka chali. Baba alisema nitarudia mtihani au nitaolewa, nichague. Nikachagua Mwalimu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, soko huria limeingia, kila mwenye lori ananunua pamba, na chama cha msingi cha ushirika kimeishiwa pumzi. Ghala lake lilibaki tupu. Mwalimu akaomba apewe afundishie humo Jumamosi, wakamwambia chukua, maana hata popo hawalipi. Tulikaa juu ya magunia. Nyuzi za pamba za miaka ya nyuma zilikuwa bado zimenasa kwenye nyufa za ukuta, na ukiegemea unatoka na mvi mgongoni.

Alikuwa na koti la mtumba la rangi ya kahawia, zito, la nchi za baridi. Alilivaa hata mwezi wa kumi, jua la Simiyu linapochoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha baiskeli. Ubao alifuta kwa kiwiko. Mfuko wa kulia chaki, mfuko wa kushoto michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na mara nyingine alikosea mfuko akatafuna chaki, akaendelea kufundisha bila aibu. Hakucheka kwa mdomo. Akifurahi mabega yalitikisika, na sisi tulijua leo tumepona.

Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lakini ghalani alitufundisha kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipokwama akaingiza Kisukuma. Alisema kitu chochote kinachobadilika ukitoka kwa mtu huyu kwenda kwa yule ni kigeu. Rangi ya ngozi ni kigeu. Kijiji unachotoka ni kigeu. Uzito, umri, idadi ya watoto, vyote vigeu. "Lakini vigeu si ndugu," anasema, kiwiko kikifuta ubao. "Kila kimoja kina ukoo wake. Ukimchukulia wa ukoo huu kama wa ukoo ule, umeharibu nyumba mbili."

Koo zenyewe zilikuwa nne kwa hesabu yake. Kuna vigeu vya majina, havina mkubwa wala mdogo. Kuna vya daraja, vina mkubwa na mdogo. Kuna vya kuhesabu, moja, mbili, tatu, hakuna nusu. Na kuna vya kupima, ambavyo hata ukipima vipi, katikati ya alama mbili za rula kuna kitu hujakiona. Leo nafanya kazi ya takwimu ofisi ya wilaya, nimekaa semina nyingi na watu wa projekta, na sijasikia aliyeyasema vizuri zaidi.

Siku moja mwenzetu mmoja wa Somanda, kijana mwenye maringo, alipewa zoezi la rangi za ng'ombe. Mweusi akampa namba moja, mwekundu mbili, mweupe tatu. Sawa. Halafu akajumlisha, akagawanya, akapata wastani. Mwalimu akamwita mbele.

"Una ng'ombe mweusi mmoja na mweupe mmoja. Wastani wako ni nini?"

"Mbili, Mwalimu."

"Mbili ni nani?"

"Mwekundu."

"Ahaa. Kwa hiyo mimi nikifunga mweusi na mweupe zizi moja, asubuhi nakuta wekundu?"

Ghala zima lilianguka kicheko. Mabega ya Mwalimu yalitikisika mpaka chaki ikamtoka. Yule kijana tulimwita Mwekundu mpaka tunamaliza, na nasikia hata harusini kwake kuna mtu alimwita hivyo.

Kwenye vigeu vya kuhesabu alituvizia. Akauliza, mmoja baada ya mwingine, "Kwenu mna ng'ombe wangapi?" Nani atasema? Kwetu Usukumani mtu hatangazi idadi ya ng'ombe wake; ukiwahesabu kwa mdomo mbele ya watu umewaita fisi, mchawi na mkusanya kodi kwa pamoja. Mmoja akasema "wapo wapo." Mwingine akasema "wa kutosha maziwa." Mwalimu akaandika majibu yote ubaoni, akasema, "Mnaona? Kitu kinaweza kuhesabika na kisitajike. Ukienda kwa watu na karatasi yako, jua hilo kabla hujafungua mdomo." Limenisaidia kazini kuliko cheti.

Umri alisema ni wa kupima, ingawa tunausema kama wa kuhesabu. "Ukisema una miaka kumi na saba umeukata mkia. Umri haurukiruki kama chura. Unatambaa, na hausubiri umalize ulichokuwa unafanya." Alipolisema hilo alitazama mlango. Tulidhani anasikiliza lori.

Pamba ndiyo ilikuwa mfano wake wa daraja. Zamani, kila nyumba ilikaa mkekani ikachambua: pamba safi huku, pamba fifi kule. Fifi ni ile yenye madoa, iliyochafuka, iliyoliwa na mdudu. Soko huria lilipokuja, wanunuzi wengine walimwaga zote kwenye turubai moja, bei moja, haraka haraka, twende. Watu wakaacha kuchambua. Nani atakaa mkekani kutwa kwa kazi isiyotazamwa? Wengine wakaanza kutia mchanga. Mwalimu hakuwa na ugomvi na soko. Mitumba yake yenyewe ililetwa na soko hilohilo. Lakini ile turubai moja ilimuuma. "Wameua kigeu," alisema. "Safi na fifi vilikuwa vitu viwili vyenye mpangilio. Sasa kuna kitu kimoja kinaitwa pamba."

Halafu anaongeza, na hili ndilo alilirudia kuliko yote, mpaka sisi tukawa tunamalizia naye kwa sauti: "Daraja linakwambia nani yuko mbele. Halikwambii yuko mbele kwa kiasi gani." Alikuwa na mfano wa mbio. Wa kwanza amefika. Wa pili amefika, pua yake iko begani kwa wa kwanza. Wa tatu amefika wenzake wameshakunywa maji, wameshavaa viatu, wanamsema. Ubaoni: moja, mbili, tatu, zimesimama kama zimeachana sawasawa. "Uongo mtupu," anasema. "Uongo uliopigwa pasi."

Kwa sababu hiyo alikataa kuandika nafasi. Huko shuleni alikoajiriwa, mwisho wa muhula kila mwalimu wa darasa aliandika mtoto ameshika nafasi ya ngapi kati ya wangapi. Mwalimu aliandika alama, akaandika maneno marefu ya anachojua mtoto na asichojua, na pale kwenye nafasi akapiga mstari. Mkuu wa shule akamwita. Akapiga mstari tena. Wazazi nao wakaja juu. Nilikuwepo siku mzazi mmoja, mkulima wa Maswa, alipomfuata mpaka ghalani, kofia mkononi.

"Mwadila, Mwalimu."

"Mwadila, ngosha. Karibu."

"Nimekuja kumuulizia mwanangu. Ni wa ngapi?"

"Mwanao anajua hesabu vizuri. Kiingereza kinamsumbua. Anaandika haraka mno, anaruka maneno."

"Sawa. Lakini ni wa ngapi?"

"Akipata mtu wa kumsomesha Kiingereza jioni, atafika mbali."

"Nimekuelewa, Mwalimu, wabeja, nashukuru. Sasa ni wa ngapi?"

Yule mzee aliondoka akisikitika kwamba mtoto wake hana namba. Sisi tulicheka sana. Mwalimu hakutikisa mabega. Alipewa barua ya onyo, akanyimwa darasa, akabaki anafundisha vipindi vya kuazima, na bado akakataa. Nilimwona shujaa. Nilidhani ni msimamo wa kitaaluma, mtu amesoma takwimu zikamwingia kwenye damu.

Ila nyumbani kwake, sasa. Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Tulienda kumsaidia kupalilia, maana ndiyo ilikuwa shukrani yetu, na mkewe akitupikia uji wa mtama na ubuyu. Mama yule alikuwa mnene, mcheshi, sauti inasikika mpaka barabarani. Tulimwita mayu, kama mama wa nyumbani. Akasema mbele yetu sote, "Mwalimu wenu huyu anajua kila kinachobadilika, isipokuwa yeye habadiliki." Mwalimu akajifanya anatafuta jembe.

Walikuwa na watoto wa kiume wawili, wamefuatana karibu. Mayu aliwaita kwa majina. Mwalimu aliwaita Wa Kwanza na Wa Pili. "Wa Kwanza ameandika barua." "Wa Pili angejua ng'ombe hao wana njaa." Nilidhani ni utani wa mtu wa hesabu. Wa Kwanza alikuwa bweni, shule ya kulipia, na kila alichofanya tulikijua: amekua amempita baba yake, anacheza mpira kwa mguu wa kushoto, amepata miwani. Wa Pili nilimwona mara moja tu, akipita nyuma ya ng'ombe kwenye vumbi, na sura sikuipata. Baadaye hakuwepo, na nilipouliza, mayu aliinuka akaenda kuangalia chungu ambacho kilikuwa hakijawekwa hata jikoni.

Aliyenieleza ni Mwalimu mwenyewe. Nilishafaulu, nilishapata kazi, nilipita kumsalimia na sukari na khanga ya mayu. Nikamsifia, kwa mdomo wangu huu mrefu, kwamba ofisini nawasimulia wenzangu habari ya mwalimu aliyekataa kuandika nafasi. Akaweka sukari chini. Kisha akasema, "Mwanangu, usinisifie hilo."

Watoto wake walimaliza darasa la saba wakiwa wameachana mwaka mmoja. Hakuna aliyechaguliwa na serikali. Nafasi zilikuwa chache, mnakumbuka. Shule za kulipia zikaanza kufunguliwa, yeye ana uwezo wa kusomesha mmoja. Mmoja asome, mmoja achunge. Akawapima. Yule mkubwa alikuwa amemaliza wa tatu darasani kwake. Mdogo, wa tisa darasani kwake. Tatu na tisa, hakuna cha kufikiria. Mkubwa akaenda bweni, mdogo akashika fimbo.

"Mayu alisema nini?" nikauliza.

"Alisema huyu mdogo ndiye anayeuliza maswali. Nikamwambia mambo ya shule niachie mimi."

Malisho ya Bariadi yalikuwa yanaisha, mashamba ya pamba yamefika mpaka milangoni mwa mazizi. Mjomba wa mkewe akaamua kuhamisha ng'ombe wake kwenda kusini, Rukwa, kama walivyofanya Wasukuma wengi. Wa Pili akaomba kwenda naye. Asubuhi ya kuondoka alipita shuleni kuaga. Mwalimu alikuwa katikati ya kipindi, akachungulia mlangoni, akamwambia, "Ngoja nimalize." Ng'ombe wako njiani, nani atawazuia? Alipotoka na chaki yake, akakuta uwanja mtupu.

Wakati huo hakuona kwamba amekosea. Muhula uleule alikuwa sokoni ananunua nyanya, akakutana na mwalimu aliyewafundisha watoto wote wawili shule ya msingi. Wakasalimiana, wakaongea hali ya mvua. Yule mwalimu akasema, hivi hivi tu, huku anachagua vitunguu: "Darasa la yule mdogo wako lilikuwa moto, bwana. Sijapata tena darasa kama lile. Yule wa tisa wako, ningemweka kwenye darasa la kaka yake, angeshika namba moja na wenzake wangeomba radhi."

Mwalimu aliniambia nyanya hakuzichukua. Alilipia akaziacha.

"Tangu pale ndiyo nikaanza kupiga mstari," akasema. "Siyo elimu, mwanangu. Mkono ulikataa."

Huyu mtu alijua kuliko mtu yeyote wa wilaya hii kwamba nafasi ya darasa hili huwezi kuilinganisha na nafasi ya darasa lile. Alitufundisha sisi watoto wa wenzake, tukafaulu. Kwake mwenyewe alichukua tatu na tisa akaona umbali.

Mwanzoni salamu zilikuja. Mchunga fulani amerudi, anasema kijana mzima, ameongezeka. Mwingine anasema ameachana na yule mjomba, anachungia mtu mwingine, mbali zaidi. Halafu zikakatika. Ndugu wakaanza kunong'ona kwamba huenda amekufa, huko kuna maji na mbung'o na watu wasiotaka ng'ombe wageni. Basi liwekwe tanga, watu walie, yaishe. Mayu alikataa kata kata. "Simlilii mtu anayekula," alisema. Mwalimu akamuunga mkono, na nadhani ndilo jambo pekee waliloelewana kuhusu mtoto yule. Wa Kwanza alishakuwa na kazi Mwanza, anatuma msaada kila mara, kijana mzuri kabisa, hana kosa. Kila alipokuja likizo mayu alimkumbatia na macho yake yanatazama nyuma yake, kama kuna mwingine anashuka.

Mayu alilazwa pale hospitali jirani na Somanda. Presha, kisha figo. Nilikwenda kumwona, sauti ile imebaki kama ya ndege. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni na koti lake, amemshika mguu juu ya shuka. Mayu akamwambia mbele yangu, "Wewe ulimtuma. Wewe umlete." Mwalimu akaitika, "Nitamleta." Mayu akasema, "Hata nikiwa nimeondoka. Aje aone nilipolala." Mwalimu akaitika tena. Alizikwa wiki hiyo, mvua za kwanza zikinyesha.

Mara ya mwisho nilimwona mnadani Mwanhuzi, wilaya ya Meatu. Tulikwenda kwa kazi za ofisi, na ilikuwa siku ya mnada, nikatoka na mwenzangu kutafuta nyama choma. Mnada wa Meatu unaujua: vumbi, kelele, ng'ombe wanalia, wanaume na fimbo zao, redio tatu zinapiga nyimbo tatu. Katikati ya hayo nikaliona koti la kahawia. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa msiba, nywele zimeanza kurudi nyeupe. Alikuwa anatoka kwa mchunga mmoja kwenda kwa mwingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nani huyu? Ahaa. Hujambo?" Alinishika mkono lakini macho yake yalikuwa kwenye watu. "Wapo waliotoka kusini leo. Nimeambiwa wapo."

Akaniambia anakwenda kila mnada anaoweza kuufikia. Wa Kwanza anamgombeza kwa simu za posta, anamwambia baba utaanguka njiani. Anamjibu ndiyo, kisha anapanda lori.

Wale wa kusini walikuwepo kweli, wanne, wamekaa kwenye kamba za zizi wanakula. Mmoja wao, mtu mzima kidogo, mwenye kofia ya pama, alimpisha Mwalimu akae.

"Mwadila, guku," akamsalimia, kama anayemsalimia babu yake.

"Mwadila, ng'wanone." Mwalimu akasema anamtafuta mtoto wake, akataja jina, akataja mjomba aliyeondoka naye. Wakaangaliana.

"Jina hilo sijalisikia," yule wa pama akasema. "Lakini huko jina si kitu, mzee. Watu wanafika wanajiita majina mengine, wanaanza maisha. Mimi mwenyewe huko siitwi la nyumbani. Tuambie alivyo. Sisi tunatembea sana, tutamtambua."

"Alivyo," Mwalimu akasema.

"Eeh. Mrefu? Mfupi?"

"Alikuwa bado anakua."

"Mweusi sana, au maji ya kunde?"

Mwalimu akapangusa vumbi kwenye koti lake. Mwingine kati yao akaacha kutafuna, akauliza kama ana kovu, wachunga wote wana kovu mahali. Mwalimu akaweka kidole mkononi mwake mwenyewe, chini ya kiwiko, kisha akakihamishia kwenye goti, kisha akakitoa.

"Mama yake ndiye..." akasema.

Nilisimama nyuma yake. Nilijua mguu anaochezea mpira Wa Kwanza, nilijua miwani yake ilivunjika lini. Nikatafuta kichwani mwangu chochote kuhusu huyu mwingine, nimpe Mwalimu, nikakuta vumbi na migongo ya ng'ombe.

"Mzee," yule wa pama akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemsaidia mtoto kuvuka, "sema chochote. Kitu kimoja tu tutakachomjulia."

Mwalimu alivuta koti, akakaa sawa, akamtazama usoni.

"Ni mwanangu wa pili," akasema.

Yule wa pama akatikisa kichwa kukubali, akangoja aendelee.